Mkono Usioingia Bangili

Bangili iligoma. Ilipita vidole vizuri, ikafika kwenye kifundo cha kidole gumba, ikakwama hapo. Bi Thuan, mama mkwe mtarajiwa, akaisukuma tena huku ameuma midomo.

"Legeza mkono," alisema.

"Nimelegeza, Mama."

"Hujalegeza. Umeukaza kama mtu anayetaka kupigana na mimi."

Thoa alijaribu tena kuulegeza. Alikuwa ametoka mazoezini moja kwa moja, traksuti ina majani magotini na vidole viwili vya kushoto vimezungushiwa plasta nyeupe. Alikuwa amepigiwa simu aje haraka, akadhani Bibi, mama mkwe wa Bi Thuan, amezidiwa, akaendesha pikipiki njia nzima roho mkononi. Kumbe Bibi alikuwa amelala salama chumba cha ndani. Kilichomngoja sebuleni ni birika la chai ya kijani, sahani ya tambuu na popoo ambayo hakuna aliyeigusa, na bangili hii ya jiwe la kijani ambayo wake wa nyumba ile wamerithishana tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka.

"Wifi, lete maji ya sabuni," Bi Thuan alisema.

Shangazi Mui alikuwa ameshayaleta. Huyu ni dada wa marehemu mume wa Bi Thuan, na tangu nimjue sijawahi kumwona akikaa mbali na jambo lisilomhusu. Akaumiminia mkono wa Thoa sabuni mpaka ikachuruzika mkekani. Bangili ikateleza, ikazunguka, ikagoma palepale.

Mkono wenyewe ulikuwa na sababu zake. Kidole gumba kilikanyagwa na mshambuliaji mmoja msimu wa mvua, kikaunga vibaya, kifundo kikabaki kimevimba moja kwa moja. Kidole cha kati kilipinda kwa shuti la mazoezini. Cha mwisho hakikunjiki hata ukikibembeleza. Mikono ile ilikuwa imedaka mipira tangu Thoa akiwa na miaka kumi na tatu, na hilo lilionekana wazi.

Bi Thuan alisukuma mara nyingine. Maumivu yakapanda mpaka begani. Thoa akauvuta mkono wake taratibu, akaufuta kwenye suruali.

"Mama, basi. Kidole hiki nakihitaji Jumapili."

Pale pembeni, kwenye benchi la mbao, Khai aliinua macho. Khai ndiye mchumba mwenyewe, mwana wa Bi Thuan. Ni mfuma hariri, mrefu, mpole, mwenye kope ambazo wasichana wa kijiji chetu cha Dong Trach walizilalamikia miaka mingi kwamba Mungu alikosea mtu wa kumpa. Mwaka uliopita Thoa aliingia karakana yake kununua skafu ya kumzawadia kocha. Khai badala ya kupima kitambaa akawa anaangalia vidole vya mteja. Akamuuliza, "Vinauma?" Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Thoa swali hilo. Watu walikuwa wakimuuliza tu kama mpira ulivuka mstari.

"Jumapili hiyohiyo ndiyo niliyokuitia," alisema Bi Thuan. Aliifunga bangili ndani ya leso nyekundu, akaiweka mapajani. "Daktari amemrudisha Bibi nyumbani. Unajua maana yake."

"Najua."

"Mwenyewe hajaambiwa, na hataambiwa. Nimekwenda kwa mnajimu. Siku nzuri ni Jumapili, saa sita mchana. Tunakuja kwenu na sinia chache, bila muziki, bila turubai. Harusi ya kuukimbia msiba. Mama yako nimeshampigia, amekubali."

"Mama amekubali bila kuniuliza?"

"Amelia kwa furaha," Shangazi Mui alidakia. "Mtu una miaka thelathini na moja, ulitaka afanye nini?"

"Thelathini, Shangazi."

"Kwa hesabu ya wazungu. Kwa hesabu yetu thelathini na moja."

"Jumapili ni fainali," alisema Thoa. "Tunacheza Hanoi. Timu inaondoka Jumamosi."

"Najua," alisema Bi Thuan.

"Basi tuoane kesho. Mimi niko tayari kesho. Hata na traksuti hii."

Khai alicheka kidogo, mama yake akamtupia jicho, akameza kicheko.

"Kesho ni siku ya Nyoka, na Khai ni wa mwaka wa Nguruwe. Unataka kumuua mwanangu?"

"Jumamosi asubuhi, kabla sijaondoka."

"Siku ya Farasi. Bibi ni wa mwaka wa Panya. Huyo ndiye atakufa palepale."

"Mimi nilisema tangu mwanzo," Shangazi Mui alisema akiiambia sahani ya popoo. "Wa mwaka wa Tumbili na wa mwaka wa Nguruwe hawakai nyumba moja. Halafu mwanamke ndiye mkubwa. Miaka mitatu mizima! Lakini nani anamsikiliza Mui?"

"Na nikishaolewa Jumapili saa sita," Thoa alisema bila kumwangalia, "saa kumi naweza kuwa uwanjani?"

Bi Thuan alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mchele unaweza kupikwa bila maji. "Bi harusi hatoki nyumba ya mumewe mpaka siku ya kurudi kuwasalimu wazazi wake. Na baada ya hapo pia, mwanangu, tuseme ukweli tu. Mke wa mjukuu mkubwa wa ukoo ana kazi. Kuna kumbukumbu za wazee, kuna madhabahu, kuna wageni. Hawezi kuwa anagaagaa matopeni mbele za watu kila wiki. Umeshacheza vya kutosha. Wenzako wote wa umri wako wana watoto shuleni."

Sasa ukweli ulikuwa mezani, karibu na chai. Khai aliinuka. "Mama, hilo hatukulizungumza."

"Tunalizungumza sasa."

"Mimi sijawahi kumwambia aache mpira."

"Wewe utakula nini akiwa kambini miezi minane?"

"Ninapika."

"Wewe? Hata uji wa Bibi juzi uliuunguza! Kaa chini."

Khai hakukaa. Lakini hakusema kitu kingine pia, na Thoa alimwona amesimama hivyo, mikono imening'inia, katikati ya mama yake na yeye. Akampenda na akamkasirikia kwa wakati mmoja.

"Na nikikataa Jumapili?" aliuliza.

"Ukikataa, Bibi akituacha, Khai anavaa msiba wa miaka mitatu. Baba yake hayupo, yeye ndiye anabeba nafasi ya baba. Miaka mitatu hakuna harusi nyumba hii. Hesabu mwenyewe utakuwa na umri gani." Sauti ya Bi Thuan ilishuka. "Thoa, mimi sikuchukii. Nimeishi na mama mkwe wangu miaka mingi kuliko niliyoishi na mama yangu mzazi. Nataka amwone mke wa mjukuu wake kabla ya kwenda. Ni hilo tu. Kweli mchezo wa mpira ni mkubwa kuliko hilo?"

Hapo ndipo palipouma, kuliko hata kidole. Thoa aliangalia mlango wa chumba cha ndani. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Angekuwa na Khai Jumapili jioni, akiwa halali yake, kope zile zimelala karibu na uso wake kila asubuhi. Alimtaka mwanaume yule kwa namna ambayo wakati mwingine ilimwamsha usingizini.

"Mama," alisema, "unajua kazi ya kipa wa pili?"

"Mimi nitajulia wapi?"

"Anapasha misuli na wenzake. Anavaa glovu. Halafu anakaa. Mechi inaisha, anavua glovu safi, anazirudisha mkobani. Washambuliaji wanabadilishwa, mabeki wanabadilishwa, kipa habadilishwi mpaka avunjike. Mimi nimekaa benchi miaka sita. Sita, Mama. Watu wa hapa walikuwa wananiuliza kama mimi ndiye mbeba maji. Msimu huu ndio wa kwanza nimesimama golini, na nimeifikisha timu fainali. Mtu aliyekaa benchi miaka sita unamtishia miaka mitatu?"

Shangazi Mui alisahau kutafuna popoo aliyokuwa ametoka kuitia mdomoni.

"Jumapili nitadaka," alisema Thoa. "Na Khai nitaolewa naye. Kama ni mwaka huu, vizuri. Kama ni baada ya msiba, nitasubiri. Na mpira sitaacha, si kwa bangili, si kwa sinia za tambuu, si kwa mtu yeyote. Nikizeeka mwili wenyewe utaniambia. Nakuheshimu sana, ndiyo maana nakwambia sasa hivi machoni, nisije nikakudanganya halafu nikakuasi ndani ya nyumba yako."

"Ukitoka kwenye mlango ule," Bi Thuan alisema taratibu, "najua hutarudi. Wanaosema watasubiri huwa hawarudi."

"Nitarudi."

"Haya. Tutaona."

Kabla ya kutoka, Thoa aliingia kwa Bibi. Hakuomba ruhusa. Bibi alikuwa ameamka, mdogo kitandani, midomo bado myekundu kwa tambuu ambayo daktari alimkataza na yeye akamkataza daktari. Alinyoosha mkono akavishika vidole vya Thoa vilivyopinda, akavibonyeza kimoja kimoja kama alivyozoea.

"Hiki kimezidi kupinda," alisema.

"Kimezidi, Bibi."

"Huko nje mnagombania nini?"

"Sabuni, Bibi. Shangazi Mui kamwaga."

"Mui huyo," Bibi alisema, akafumba macho, akafumbua. "Jumapili mniamshe nitazame. Yule beki wenu wa kushoto, mwambie asipande ovyo. Na wewe usifungwe la kona tena. Ukifungwa la kona nitakutukana."

"Nitukane, Bibi," alisema Thoa, na akatoka haraka kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika.

Khai alimfuata mpaka kwenye pikipiki. Jua lilikuwa bado linawaka kwenye mashamba ya mpunga, na majirani wawili walikuwa wamepata ghafla kazi ya kufagia karibu na ua. Khai hakuwajali. Aliushika mkono wa Thoa, akaona plasta imelowa sabuni na imeachia, akatoa roli la plasta mfukoni mwake. Alikuwa akitembea nalo kila mahali siku hizi, kama wengine wanavyotembea na sigara.

"Kaa vizuri," alisema. Akaanza kuzungusha, kidole na kidole, bila kukaza sana wala kulegeza, kwa mikono iliyozoea nyuzi ambazo huwezi kuziona vizuri kwa macho. Thoa alimwangalia kichwani, nywele zilizomwangukia usoni. Alitamani kuzigusa, ila mikono ilikuwa imeshikwa.

"Ulinyamaza kule ndani," alisema.

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu na mimi nataka Jumapili." Hakuinua uso. "Nataka sana, Thoa. Nataka Bibi akuone. Nimekaa pale nikajiuliza, je, nikimwomba mimi, si Mama, atasema nini?"

Thoa aliinama kumtazama usoni. "Kwa hiyo unaniomba?"

Khai alikata plasta kwa meno. Aliukunja ukingo wake vizuri, akaulaza kwa kidole. Alichukua muda mrefu, mrefu kuliko kazi yenyewe.

"Hapana," alisema. "Nikikuomba utakubali, nakujua. Halafu kila Jumapili nitakuwa nakuona umekaa dirishani. Sitaki mke wa dirishani. Nenda ukadake."

Macho yao yakakutana. Majirani wakaacha kufagia kabisa.

"Lakini niite kaka," Khai akasema. "Mara moja tu. Wanawake wote wanawaita wachumba wao kaka, mimi peke yangu naitwa 'wee Khai' kama muuza bata."

"Nimekuzidi miaka mitatu. Wewe ndiye uniite dada."

"Mara moja tu! Mtu anaachwa miaka mitatu, hata zawadi hakuna?"

"Huachwi. Na sikuiti." Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Kisha akawa makini, akamshika kola ya shati. "Sikiliza. Likitokea lolote kabla ya mechi, niambie. Usinifiche. Wote watataka kunificha, watasema mwacheni kwanza acheze. Mimi si yai. Nimechoka na watu wanaoniamulia nini nijue na nini nisijue."

"Nitakuambia."

"Apa."

"Naapa kwa Bibi."

Jumapili, timu ilikuwa imefika uwanjani mapema. Wasichana walikuwa wanasukana nywele, mmoja anaimba vibaya, kocha anapitapita na ubao wake. Kikapu cha kukusanyia simu kilikuwa bado kiko mlangoni, hakijapitishwa. Simu ya Thoa ikaita, akaona jina la Khai, akajua kabla hajapokea.

"Bibi ametuacha," Khai alisema. "Asubuhi hii. Alikuwa amelala, hakuhangaika." Akavuta pumzi. "Mama amesema nisikwambie mpaka mechi iishe. Shangazi pia. Hata mama yako. Mimi nakwambia."

Thoa alikaa chini, sakafuni, kati ya mabegi. Alilisikia tarumbeta la msiba likijaribiwa nyuma ya sauti ya Khai, na watu wakiburuta viti. Aliviangalia vidole vyake ambavyo hakuna tena mtu wa kuvibonyeza kimoja kimoja. Alilia kidogo bila sauti, na Khai akamsikiliza akilia, hakumwambia anyamaze.

"Utacheza?" aliuliza mwishowe.

"Nitacheza."

"Vizuri."

"Wewe umekula?"

"Bado."

"Kula. Utasimama usiku kucha." Akajifuta uso. Halafu neno likamtoka lenyewe, kama lilikuwa limekaa hapo mwaka mzima likingojea. "Asante, Kaka."

Khai alikuja kuniambia baadaye kwamba alilazimika kwenda kusimama nyuma ya jiko, watu wakidhani analilia msiba tu.

Sasa wasomaji wangu mtapenda nikwambieni kwamba walishinda. Na mimi ningependa. Walifungwa moja bila. Thoa aliokoa mpira wa ana kwa ana kipindi cha kwanza, akaokoa mwingine uliokuwa unaingia kwenye pembe ya juu, uwanja mzima ukasimama. Halafu dakika za mwisho ikapigwa kona. Alitoka golini, akaruka, akaugusa kwa ncha za vidole, vilevile vilivyofungwa plasta na Khai. Kuugusa hakukutosha. Beki mrefu wa wapinzani alikuwa nyuma yake, akaupiga kichwa, na wavu ukatikisika.

Hakusubiri medali ya mshindi wa pili. Kocha alimwangalia akamwambia, "Nenda." Akavaa traksuti juu ya jezi yenye matope, akapanda basi la kwanza la kwenda Phu Ly, akashuka njia panda, akatembea haraka mpaka Dong Trach. Giza lilikuwa limeshaingia na taa zimewashwa alipoingia uani.

Turubai ambalo Bi Thuan hakulitaka kwa harusi lilikuwa limefungwa kwa msiba. Kijiji kizima kilikuwepo. Tarumbeta lilikuwa linalia, ubani unafuka, wanawake wa nyumba wamevaa vitambaa vyeupe vichwani na mikia yake ikining'inia mgongoni. Khai alikuwa amesimama kando ya jeneza, ameinama juu ya fimbo ya msiba kama mila inavyomtaka mtu aliyebeba nafasi ya baba. Alipomwona Thoa hakuweza kusogea, ila uso wake wote ulibadilika. Watu wakageuka kuangalia anaangalia nini.

Minong'ono ikaanza. Huyo ndiye aliyekataa harusi. Amekuja na matope. Wamefungwa, umesikia? Kuna aliyecheka, akanyamazishwa.

Mtu mmoja alimsogezea kiti kwenye meza ya wageni, akamwekea kikombe cha chai. Thoa alikiangalia kiti kile. Kilikuwa kiti kizuri, kimewekwa kwa adabu, mahali pa wageni wote. Akapita pembeni yake. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye meza ndogo karibu na mlango, ambapo Shangazi Mui alikuwa amekaa na furushi la vitambaa vyeupe, anawagawia watu wa ukoo.

Akanyoosha mkono.

"Pole, Shangazi. Nipe changu."

Shangazi Mui aliuangalia mkono ule na matope yake. "Hivi ni vya watu wa nyumba, mwanangu. Wageni wanawasha ubani tu."

"Najua. Nipe changu."

"Wewe si mtu wa nyumba hii! Ulipewa nafasi Alhamisi, ukaikataa mwenyewe, mimi nilikuwepo!"

"Nilikataa harusi ya haraka," alisema Thoa, na hakupunguza sauti. "Sikumkataa Khai. Sikumkataa Bibi. Nilisema nitasubiri miaka mitatu, na miaka mitatu inaanza leo. Sitaisubiri nikiwa nimekaa kwenye viti vya wageni nakunywa chai. Nitaisubiri nimevaa."

Mpiga tarumbeta alikuwa amefika mahali pa kuvuta pumzi, kwa hiyo maneno yale yalisikika mpaka barabarani. Shangazi Mui alilikumbatia furushi lake kwa mikono miwili. Khai aliiinua fimbo, akapiga hatua moja kuja, na mjomba mmoja akamshika mkono.

Ndipo Bi Thuan alipotoka ndani.

Alikuwa amevimba macho, amevaa nguo za msiba za kitambaa cha gunia, amezeeka tangu Alhamisi. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya Thoa, akamwangalia kuanzia viatu mpaka nywele.

"Umerudi," alisema.

"Nilisema nitarudi, Mama."

"Mmeshinda?"

"Tumefungwa."

"Ngapi?"

"Moja." Sauti ilimkatika. "La kona."

Kitu kikapita usoni mwa Bi Thuan, na kwa sekunde moja ungesema anataka kucheka. "Angekutukana sana."

"Angenitukana."

"Jana usiku aliuliza kama runinga inaonyesha vizuri." Bi Thuan alijifuta pua kwa mkono wa nguo. Kisha akajikaza, akanyanyua kidevu, na watu wote wakasikia aliyosema. "Kwa hiyo umeacha harusi kwa ajili ya mechi, na mechi yenyewe mmefungwa. Bibi amekwenda bila kukuona na bangili. Unajuta?"

Thoa alikuwa amechoka, ana njaa, bega linamuuma, na mtu aliyempenda alikuwa amelala ndani ya sanduku hatua chache kutoka pale. Ingetosha kuinamisha kichwa. Kila mtu alikuwa anamngojea ainamishe kichwa.

"Naumia," alisema. "Sijuti."

Bi Thuan akamgeukia wifi yake, akachomoa kitambaa kimoja kwenye furushi, kwa nguvu, mpaka vingine viwili vikaanguka chini.

"Thuan!" Shangazi Mui alisema. "Watu watasemaje?"

"Watasema wanachosema siku zote. Inama, wewe mtoto, mrefu mno."

Thoa akainama. Bi Thuan alimzungushia kitambaa kichwani, juu ya nywele zenye majani na jasho, akakifunga nyuma kwa fundo la kubana, akalivuta tena likabana zaidi.

"Hiki angalau hakikwami," alinong'ona. Mikono yake ikabaki kidogo juu ya mabega ya Thoa kabla ya kuondoka.

Kule kando ya jeneza Khai alikuwa analia waziwazi, na mjomba alikuwa amemwachia mkono. Thoa akaenda akasimama nyuma yake, mahali pa mke wa mjukuu mkubwa. Hawakugusana. Alikuwa karibu kiasi cha kuisikia pumzi yake.

"Dada," Khai alinong'ona bila kugeuka, "kidole je?"

"Kimevimba. Nyamaza, unalia vibaya."

Bi Thuan alikuwa ameshaanza kutoa amri uani, sauti yake imerudi. Wa kuchemsha maji achemshe, wa viti alete viti. Akapita mbele ya Thoa bila kumtazama usoni, kama mama mkwe yeyote.

"Kesho alfajiri uwe jikoni," alisema. "Kuna vyombo vya kijiji kizima."

"Alfajiri huwa ninakimbia, Mama."

Shangazi Mui alifumba macho. Wanawake wa jikoni wakaacha kukata vitunguu. Bi Thuan alisimama, akageuka polepole.

"Hata kukiwa na msiba?"

"Hata kukiwa na msiba."

Wakaangaliana, wala hakuna aliyetangulia kushusha macho.

"Ukishakimbia, basi," alisema Bi Thuan. "Lakini kitambaa usikivue. Wanaokuona barabarani wajue umetokea nyumba gani."